Makao ya Mbwa wa Kisauni na Hesabu ya Milango Miwili

Mtu mwenye huruma, akiisha kumwona mbwa jike aliyekonda akinyonyesha vilebu wake kando ya jaa, huku watoto wa mtaa wakimvurumishia mawe na wapita njia wakimwepuka kwa hofu ya kichaa, hujiwa na wazo ambalo dhahiri yake ni njema: kwamba pakodishwe kiwanja, pazungushwe ukuta, pajengwe mabanda, na mbwa wote wasio na wenyewe wakusanywe humo, walishwe na kutibiwa mpaka mwisho wa aushi yao. Wazo hili ndilo chanzo cha makao mengi ya mbwa ulimwenguni, nami silitaji kwa dhihaka, maana pasipo huruma kazi ya namna hii haianzi; lakini ndilo pia linaloyaangusha makao kabla hayajatimiza haja yake, kwa kuwa limeufikiria mlango wa kuingilia peke yake, wala halina neno juu ya mlango wa kutokea. Rai yangu ni kwamba makao ya mbwa hayapimwi kwa wingi wa wanyama waliomo, bali kwa wepesi wa kutoka kwao na kwa uchache wa wanaoendelea kuzaliwa nje. Na kwamba hapa bara ya Mombasa, makao yasiyofungamana na chanjo, na kuhasi, na usafi wa majaa, ni ghala la dhiki tu, hata yakijengwa kwa marumaru.

Tuanze na mahali penyewe, yaani Mjambere. Hiyo ni mojawapo ya wadi saba za Kisauni, na Kisauni, kwa mujibu wa sensa ya 2019, ilikuwa na watu 291,930, idadi iliyozipita sehemu nyingine zote tano za Kaunti ya Mombasa, ambayo jumla ya wakazi wake ilikuwa 1,208,333. Watu wengi kiasi hicho, wakikaa katika nyumba zilizosongamana, hutupa kila siku makombo ya mikahawa, matumbo ya kuku, vichwa vya samaki na masalio ya vibandani. Na taka zisipochukuliwa kwa wakati zikapelekwa jaa kuu la Mwakirunge, kila pembe ya mtaa huwa na jaa lake, na kila jaa huwa riziki ya kudumu kwa mbwa. Mwenye kuwahesabu mbwa pasipo kuyahesabu majaa hajahesabu kitu, kwa sababu idadi ya mbwa katika mji haifuati idadi ya watu wenye huruma wala ya wenye ukatili, bali hufuata chakula kilichoko na mahali pa kulala.

Tena hawa tuwaitao koko si jamaa moja. Wa kwanza ni mbwa wenye wenyewe, ambao hufunguliwa jioni walinde ua na asubuhi huachwa wakajitafutie. Na uchunguzi uliofanywa mara nyingi katika Afrika Mashariki umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya mbwa wanaozurura ni wa namna hii. Wa pili ni walioachwa: mpangaji amehama, mwenye nyumba amefariki, mgeni amerejea kwao, au kilebu aliyependeza alipokuwa wa wiki sita amekuwa mbwa mkubwa mwenye njaa kubwa. Wa tatu ni waliozaliwa njiani na kukua pasipo kuguswa na mkono wa mtu. Kila kundi lina tadbiri yake: la kwanza halihitaji makao hata kidogo, linahitaji mwenyewe atafutwe na kukumbushwa wajibu wake, la pili ndilo lililo haki hasa ya makao, na la tatu, likiisha kukomaa katika hofu ya binadamu, huteseka ndani ya kizimba kuliko nje yake, hivyo afadhali lichanjwe, lihasiwe, na kurudishwa lilikotoka. Mwendeshaji anayewapokea wote kwa mlango mmoja, kwa jina moja la mbwa koko, atajaza nafasi yake kwa wasioihitaji, na siku atakapoletewa mwenye haki nayo hatakuwa na pa kumweka.

Wako wasemao kwamba taabu yote hii haina maana maadamu sumu ipo, nayo ni rahisi. Jawabu la kuwapa linatoka katika historia. Mwaka 1910 watawala wa Istanbul waliwakamata mbwa wa mitaa kwa makumi ya maelfu, wakawapeleka katika kisiwa kikavu cha Bahari ya Marmara, wakawaacha huko wafe kwa njaa na kiu. Na pamoja na ukatili wote ule, mbwa walirudi mitaani, hata katika mwaka 2024 Bunge la Uturuki lilikuwa likitunga sheria nyingine juu ya mbwa wa mitaani. Sisi wenyewe katika Afrika Mashariki tuliijua sumu ya striknini kwa miaka mingi, ikitegwa ndani ya nyama usiku na mizoga kuokotwa asubuhi, na hakuna mji uliopata raha ya kudumu kwa njia hiyo. Sababu si fumbo. Sumu humwua mbwa wala haiondoi jaa, na jaa likibaki, vilebu ambao wangalikufa kwa njaa hupata nafasi ya kuishi, na mbwa wa mtaa wa pili huja kukalia mahali palipoachwa. Fauka ya hayo, sumu haimbagui mbwa aliyechanjwa na asiyechanjwa, basi pamoja na mzoga huzikwa na ngao ambayo kaunti ilikwisha kuilipia.

Makao nayo si jambo jipya, ulimwenguni wala katika nchi hii. Yale ya London yaliyokuja kujulikana kwa jina la Battersea yaliasisiwa na Mary Tealby mwaka 1860. Na chama cha Kenya cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, KSPCA, ambacho makao yake yako Nairobi, kinahesabu asili yake tangu mwaka ule ule wa 1910 niliokwisha kuutaja. Kwa hiyo maarifa yapo, na uzoefu upo. Ambalo halipo, aghalabu, ni ile hesabu ndogo ninayoiita ya milango miwili, nayo ni hii: idadi ya mbwa watakaokuwamo ndani ya makao ni sawa na idadi ya wanaoingia kila mwezi ikizidishwa kwa miezi ambayo kila mmoja hukaa. Tuseme makao yanapokea mbwa 10 kwa mwezi. Kila mmoja akikaa miezi miwili, watakuwamo 20. Akikaa miezi sita, watakuwamo 60. Na akikaa mwaka mzima, 120, ilhali milangoni hakukuongezeka mbwa hata mmoja. Mabanda, unga, dawa na mishahara vimekuwa mara sita kwa sababu ya kukawia tu. Ndiyo sababu mwendeshaji mwenye busara, akipata fedha ya ziada, hakimbilii kujenga banda jingine, ambalo litajaa kabla saruji haijakauka, bali huitumia kuzifupisha siku za kukaa: humlipa daktari wa mifugo aje kila wiki badala ya kila mwezi, ili mbwa asikae akingojea upasuaji, huwatafuta wenye mbwa waliopotea tangu siku ya kwanza, huwatembelea waombaji upesi.

Na kutokana na hesabu hiyo hufuata jambo chungu, nalo ni kukataa. Makao yenye nafasi ya mbwa 20 hayana budi kumwambia aliyeleta wa 21 kwamba angoje, au amweke nyumbani kwake wiki mbili huku akisaidiwa chakula na chanjo. Wengi hulichukia neno hili na kuliona ni ukosefu wa rehema. Lakini rehema ya kumpokea wa 21 hulipwa na wale 20, ambao watalala wamesongamana, wapigane kwa chakula, na waambukizane maradhi, mpaka yule aliyepokewa kwa huruma naye afe kwa ugonjwa aliokuja kuupata humo humo.

Katika maradhi hayo, la kuogopwa kuliko yote kwa vilebu ni parvo, virusi vilivyojulikana ulimwenguni tangu 1978, ambavyo humpiga mtoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu na kumwua katika siku chache, na ambavyo hukaa ardhini kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka, vikingojea mgeni mwingine. Sabuni haiviui. Huuawa na jiki, sehemu moja kwa sehemu 32 za maji, ikiachwa juu ya sakafu kwa muda wa dakika 10. Lakini sharti sakafu iwe imekwisha kuoshwa, kwa sababu kinyesi na uchafu huivunja nguvu dawa hiyo, na udongo mtupu hausafishiki kabisa. Kwa ajili hiyo banda la wageni, ambalo kila anayeingia hukaa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenzake, ni la kwanza kujengwa, nalo hujengwa kwa saruji yenye mteremko, liwe na ndoo zake, fagio zake na viatu vyake. Na mhudumu huanza kazi asubuhi kwa vilebu wazima, kisha mbwa wakubwa wazima, kisha wageni, na mwisho wagonjwa, wala harudi nyuma pasipo kubadili nguo.

Chanjo nayo ina hila yake. Kilebu hurithi kinga katika maziwa ya kwanza ya mama, na kinga hiyo, maadamu ipo, huibatilisha chanjo. Tena hupungua kwa kila kilebu kwa wakati wake, pasipo mtu kujua ni lini. Ndiyo maana katika makao huanza kuchanjwa akiwa na wiki nne mpaka sita, akarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka apite wiki 16. Na anayemchanja mara moja tu akadhani amemaliza, amejipa matumaini ya bure. Lakini hapa hutokea mgongano. Muda ambao kilebu hujifunza kumwamini binadamu, na kuzizoea sauti za nyumba, na watoto, na pikipiki, ni baina ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Akifungiwa muda huo wote kwa hofu ya maradhi, atatoka mzima wa mwili na mwoga wa roho, na mbwa mwoga ndiye amwumaye mtoto aliyemkaribia kwa mapenzi. Dawa ya mgongano huu ni nyumba za malezi: watu wa kuaminika, wasio na mbwa wengine wasiochanjwa, wanaochukua uzao mmoja kwa wiki chache, wakaulea barazani pamoja na kelele zote za maisha. Nyumba moja ya malezi katika Mishomoroni au Kiembeni huweza kuwafaa vilebu kuliko banda jipya.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina hukumu yake. Paa la mabati hukaanga walio chini yake wakati wa kaskazi, hivyo wengi huchagua makuti, na kwa ubaridi wamechagua vyema. Lakini kupe wa rangi ya kahawia, ambaye katika kila hatua ya maisha yake huweza kumnyonya mbwa, ana tabia ya kupanda ukutani na kujificha katika nyufa na mapaa, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Huyo ndiye aletaye homa ya kupe, inayomlegeza mbwa, ikampausha fizi na kumtoa damu puani, na inayohitaji vidonge vya wiki kadhaa. Ukimwogesha mbwa dawa na kuliacha paa, umefanya nusu ya kazi. Sharti kuta zipigwe lipu zisiwe na nyufa, makuti yainuliwe juu yasikutane na ukuta, na banda lipuliziwe dawa kila mara, hasa baada ya mvua za masika. Mbu wa pwani nao hubeba minyoo wa moyo, ambao huzuiliwa kwa dawa ya kila mwezi iliyo nafuu kuliko tiba yao. Kwa maji, kisima cha chumvi kinatosha kuoshea sakafu, lakini maji ya kunywa ni mengine, na yeyote asiyeweka katika makadirio yake gharama ya madebe yaletwayo kwa mkokoteni siku mifereji imekauka, hajaijua Kisauni.

Chakula kinastahili neno la pekee, kwa sababu ndipo sadaka na madhara hukutana. Unga wa mahindi yaliyoingia ukungu huuzwa rahisi, na muuzaji husema kwa moyo safi kwamba ni wa mbwa tu. Lakini ukungu huo huzaa sumu ya aflatoksini, ile ile iliyowaua watu 125, hasa katika Ukambani, mwaka 2004, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi mno, ini likaharibika kabla mwenyewe hajaona ila yoyote. Ugali wa unga safi, uliochanganywa na dagaa au matumbo yaliyopikwa, ni chakula cha kutosha na cha bei ya kuwezekana. Ama masalio ya hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, na ya arusi zetu, hayo hupokelewa kwa shukrani na kuchambuliwa kwa makini: mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vichomi na kutoboa utumbo, na pilau na biriani, ambazo utamu wake hauji pasipo vitunguu vingi, ni sumu ya taratibu, kwa kuwa kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huziharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Hizo mbwa asipewe.

Sasa nije katika suala ambalo wageni wanaokuja kufungua makao pwani huliogopa kulitaja, na kwa kuliogopa hulifanya kuwa kubwa. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo kwayo mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa na mate yake au umajimaji wake huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mtu anayeishi kwa hukumu hiyo hana chuki na mbwa kwa sababu tu hataki kuguswa naye. Ana haja ya kuswali, na anajihifadhi. Lakini dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni katika Kurani kwa namna isiyo ya tusi. Na imesimulia katika hadithi mashuhuri zilizomo katika Bukhari na Muslim habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Unajisi ni hukumu ya tohara, hauwi hata mara moja ruhusa ya kutesa. Mwanachuoni wa Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alitunga kitabu kizima cha kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi wavaao nguo.

Yatokanayo na hayo ni matendo, wala si mabishano. Makao hayajengwi ubavuni mwa msikiti wala madrasa, kwa kuwa mbwa 20 wakianza kubweka pamoja alfajiri hawatamwacha mtu na swala yake. Mhudumu Mwislamu hupewa glavu, viatu vya mpira na nguo za kazi zisizotoka nje ya lango, na bomba lake liwe na udongo safi karibu, na chumba cha kubadilishia mbali na mabanda. Kabla ya ukuta kuinuka, waendeshaji huenda kwa imamu, kwa mzee wa mtaa na kwa mwakilishi wadi, wakawaeleza kwamba lengo si kuwaleta mbwa Mjambere, ambako wapo tayari, bali kuwapunguza na kuwachanja. Nimeona mara nyingi kwamba sheikh aliyeulizwa mapema huwa msaidizi, na aliyepuuzwa huwa mpinzani kwa haki.

Twende mlango wa kutokea. Anayetaka mbwa katika Kisauni kwa kawaida anataka mlinzi wa kiwanja, wa duka, wa kanisa au wa kuku, wala hakuna aibu katika hilo, maadamu mlinzi huyo hatafungwa mnyororo mchana na usiku, atapata kivuli na maji, na atachanjwa kila mwaka. Makao humtembelea mwombaji kabla ya kumkabidhi, tena baada ya mwezi. Mbwa asitoke kabla hajahasiwa, kwa sababu makao yanayotoa majike wasiohasiwa huwa yanapanda mbegu ya vilebu watakaoletwa langoni mwao baada ya mwaka: mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na jike huweza kuanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka. Wako wanaoshikilia kwamba dume akihasiwa hatalinda tena. Hasha, ulinzi wa mbwa hautoki katika korodani zake, bali katika kulijua boma lake na kumtambua mgeni. Na kama fedha haitoshi kwa wote, majike watangulie, maana dume mmoja aliyebaki aweza kulijaza eneo zima, lakini jike aliyefungwa kizazi amefungwa kwa hesabu kamili.

Kuna wasiotoka kwa mlango huo. Mbwa aliyevunjika uti wa mgongo, mwenye kichaa, au mkali asiyerekebika, huachwa na watu wengi aozee kizimbani kwa sababu hakuna mwenye ushujaa wa kutia sahihi. Kumfisha kwa sindano ya daktari aliyesajiliwa, pasipo hofu wala maumivu, ni sehemu ya rehema, na makao yanayotangaza kwamba hayatafanya hivyo kamwe hujipatia sifa kwa gharama ya mnyama. Lakini uamuzi huo uandikwe sababu yake, wala usiwe mlango wa siri wa kupunguza msongamano.

Juu ya yote haya kuna kichaa cha mbwa, ambacho ndicho kinachoyafanya makao kuwa jambo la afya ya watu. Ugonjwa huu uliandikwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Mpango wa taifa wa kuutokomeza, uliowekewa muda wa 2014 hadi 2030, ulikadiria kwamba unaweza kuua Wakenya wapatao 2,000 kwa mwaka. Ulimwenguni makadirio ni vifo 59,000, karibu vyote vikitokana na mbwa. Dalili zikiisha kutokea hakuna tiba. Basi aliyeumwa na aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate sindano, pasipo kungojea kuona mbwa atakuwaje. Mbwa mwenyewe, kama apatikana, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Na wahudumu wa makao wachanjwe kabla hawajamshika mbwa wa kwanza.

Kwa wenye kudhani kwamba pwani yetu haiwezi, iko Pemba. Katika kisiwa kile, ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu, chanjo ya jumla ya mbwa ilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kikakatika. Mwaka 2016 kikarudi kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo ikarejeshwa kwa bidii, na mwaka 2018 kikakatika tena. Hawakutumia sumu, wala hawakujenga makao makubwa. Walichanja, wakarudia kuchanja, wakifuata kipimo kinachojulikana cha kuwafikia mbwa 7 katika kila 10. Kadhalika katika kupunguza uzazi, nchi ya Bhutan ilianza kuwahasi mbwa wake mwaka 2009, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba imewafikia mbwa wote wa mitaani. Miaka 14 ya kazi isiyokatizwa. Mbwa wa nchi zetu hawaishi sana. Uchunguzi wa Machakos ulionyesha kwamba kilebu azaliwaye hatarajiwi, kwa wastani, kufikia miaka minne, na kwa hiyo kila mwaka kizazi kipya kisicho na kinga huingia mahali pa kilichokufa. Chanjo ya mwaka juzi haimlindi mbwa wa mwaka huu.

Ni dhima ya nani? Sheria hazikosekani: ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na ipo Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Lakini lililo zito zaidi limo katika Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ambalo katika sehemu ya pili limezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na limetaja kwa uwazi leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Insafu yataka isemwe basi kwamba mtu binafsi anayefungua makao Kisauni anaifanya, kwa fedha za mfukoni na sadaka za marafiki, kazi ambayo Katiba imeiandika kwa jina la kaunti. Sisemi hivyo ili mtu binafsi aache. Nasema ili asifanye peke yake, na ili asikubali kuwa pazia la kuficha kazi isiyofanywa.

Nasaha yangu ni fupi. Kwa Kaunti ya Mombasa: tengeni katika bajeti fungu la chanjo ya kila mwaka na la kuhasi, ondoeni taka za mitaa kwa ratiba, na mpeni mwendeshaji wa makao daktari wa siku moja kwa wiki, hayo matatu ni nafuu kuliko sindano za walioumwa. Kwa anayetaka kufungua makao: anza na nyumba tano za malezi na daktari mmoja, kisha ndipo ufikiri juu ya ukuta, na kila mwezi uchapishe hesabu ya walioingia, waliotoka, waliokufa na waliohasiwa, hata kama inakuaibisha. Na kwa wewe msomaji wa Mjambere uliye na mbwa uani: mchanje mwaka huu, mhasi, mfunge mchana, wala usiwatie vilebu wake katika gunia ukawatupe Mwakirunge, kwa kuwa walio hai watarudi, na watakaoumwa ni watoto wa majirani zako.